Riwaya Iliyonadiwa Kanisani

Baba, mzee wa kanisa pale Kimandolu, alininyang'anya riwaya ya mtoto aliyetoroka kwao na rafiki yake. Eti itanifundisha utoro! Jumapili akaitoa sadaka, na baada ya ibada ikanadiwa nje, kati ya mkungu wa ndizi na trei la mayai.

Rafiki yangu, binti wa Mhindi mwenye duka jirani, alisimama getini. Wala si Mkristo. Akapandisha bei mpaka wote wakanyamaza, kisha akasema, "Namzawadia binti wa mzee."

Kwetu zawadi ya mnadani haikataliwi. Baba alipiga makofi na wenzake, uso umemvimba.

Jioni nilikaa mbele yake, nikasoma kwa sauti. Nilishatoroka na yule mtoto wa riwayani, na sikuinuka hata kwenye kigoda.