Ujumbe Uliongoja Lurujo

Niliandika programu ya kuwaita watu kwa babu, nikaifundisha adabu badala ya haraka. Huo ndio upumbavu wangu, nautaja mwanzo kabla sijaanza kujitetea.

Babu alikuwa kijijini Ajia, pumzi zinamwishia. Mama, aliyekuwa akimuuguza, alinipigia simu nyumbani Arua: "Ita ndugu zangu wote. Mzee anataka kusema na wao, sauti bado iko."

Simu tatu ni dakika tano. Lakini mimi fundi wa klabu ya kompyuta shuleni, nifanye kazi ya kawaida? Kwetu habari nzito humfikia mkubwa kwanza. Nikapanga kwa kolbeki, yaani maagizo yanayokaa kimya mpaka kazi iliyotangulia iishe, ndipo yaitwe. Mjomba mkubwa akijibu ujumbe, aitwe mjomba wa pili. Huyo akijibu, aitwe mama mdogo wa Koboko, kitindamimba. Kolbeki tumboni mwa kolbeki, mistari ikizidi kuinama kulia kama mlevi anayetafuta ukuta.

Mwalimu alishanionya: "Bwana mdogo, kazi zisizotegemeana zitume pamoja. Na jibu lisipokuja, programu ijue la kufanya." Nilimwigiza sauti, darasa likacheka.

Mjomba mkubwa alijibu papo hapo. Wa pili, mkulima wa Lurujo, simu yake ilikuwa senta, kule madukani, inachajiwa, imezimwa. Programu haikulalamika wala kuonyesha kosa. Ilingoja tu. Ningetuma jumbe zote pamoja, mama mdogo angepata habari ndani ya dakika moja. Mimi nikaenda mpirani, najisifu kwamba mashine inanifanyia kazi. Mama akadhani mdogo wake yuko njiani.

Mama mdogo aliambiwa kesho yake na muuza samaki, sokoni Koboko. Alipofika Ajia, babu alikuwa ameshafunikwa shuka.

"Aliuliza mimi?" akasema.

"Jana, mara tatu," mjomba mkubwa akamjibu.

Akakaa chini, mkoba ungali begani.

Nami nilikuwa nimeshafika msibani. Nilimvuta mama pembeni, nikamweleza jinsi programu ilivyokwama, nani alikuwa anamngoja nani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Usiambie mama yako mdogo ni kompyuta. Enda, kaa chini mbele yake, sema ni wewe."