Hindu Fumo na Akina Karisa Kumi na Saba

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Hindu Fumo anabonyeza swichi ya kompyuta, anakunja mikono na kungoja. Juu ya kioo cheusi tarakimu za kijani zinaanza kupanda: 64, 128, 192. Zinapanda kwa kusitasita. Zinafika 512 na kusimama.

"Imejihesabu, imejikuta nzima," anasema, akivuta kiti. "Haya, tuone leo itatutesa kiasi gani."

Ni Ijumaa, tarehe 8 Aprili 1988, katika kliniki ndogo ya macho ya misheni, kando ya barabara itokayo Malindi kwenda Kilifi. Jumatatu daktari bingwa atafika kwa wiki moja, kama afanyavyo kila Aprili na Oktoba, kuwapasua watu wenye mtoto wa jicho. Nafasi ni sitini tu. Kesho gari litakwenda kuwakusanya wagonjwa huko Marafa, Jilore na Bamba, na jina lisilokuwa kwenye orodha ya Hindu halipandi gari.

Katika majina yote hayo, liko moja linalomnyima raha. Ni la Mzee Karisa Kitsao wa Marafa. Mzee huyo hangekuwa kipofu leo kama Hindu hangebonyeza kitufe kimoja mwaka jana.

"Nimemwomba Mungu nisife kabla mzee yule hajapanda gari," anasema, wala hapunguzi sauti.

Msomaji wa bara asishtuke kwa jina lake. Hindu ni Muislamu, mzaliwa wa Faza, na jina hilo wanawake wa visiwani wamelibeba tangu zama za bibi zao. Ana umri wa miaka thelathini na sita. Yeye na mumewe, Mahadhi, wamepanga vyumba viwili Kisumu Ndogo, Malindi, kwa shilingi mia tatu. Mshahara wake ni shilingi 1,650 kwa mwezi, na kwa miaka kumi na miwili alikuwa akipiga taipureta.

Kompyuta ililetwa na wafadhili mwaka 1986. Walimfundisha siku tatu, wakampa kitabu kinene cha Kiingereza, wakapanda ndege wakaenda zao.

"Siku ya nne ilikataa kuwaka," anasema Hindu. "Nikasoma Ayatul Kursi. Kumbe waya umechomoka."

Mwanzoni mashine ilikuwa nyepesi. Wagonjwa walikuwa mia tatu, na orodha ilipangika kabla hajamaliza kumenya chungwa. Walipofika elfu moja, alimenya machungwa mawili. Walipofika elfu mbili na mia tatu, mwaka jana, aliiamuru ipange orodha saa mbili asubuhi ikamaliza saa nane mchana. Kila wakati ilikuwa ikikoroma ndani, krr, krr, na ukibonyeza kitufe haikujali.

Hindu alifanya kila alilojua. Alipangusa vumbi la chumvi ya bahari. Aliisogeza karibu na feni. Aliifunika kanga ikilala. Wapi!

Mwandishi wa makala haya, ambaye ujuzi wake wa mashine unaishia kwenye redio, alimuuliza swali ambalo lilimfanya acheke mpaka akashika shavu. Kama diski ya ndani inaweza kubeba wagonjwa elfu ishirini, na yeye ana elfu mbili tu, imejaa nini?

"Bwana wee, kwani wewe kwenu mchele unachambuliwa ndani ya gunia?" akauliza. "Si unaumimina kwenye ungo? Basi diski ndiyo gunia. Kumbukumbu ya mashine ni ungo. Kazi yote inafanyika kwenye ungo, na ungo wangu mimi ndio huo wa 512. Ukimimina kuliko unavyobeba, mchele unamwagika, unaokota, unarudisha guniani, unamimina tena. Huko kuokota ndiko kunakolia krr, krr."

Akachukua kalamu. Kila herufi inachukua mahali pamoja tu, hata nafasi iliyo tupu. Mgonjwa mmoja alitengewa mahali 240: majina matatu, kijiji, namba ya kadi na maelezo ya daktari. Zidisha kwa wagonjwa 2,300. Unapata 552,000. Ungo wake, maana ile 512 ni maelfu na kila elfu ya mashine ni 1,024, unabeba mahali 524,288, na humo humo programu nayo inataka pa kukaa.

"Haya niliyajua baadaye," anasema, na sauti inabadilika. "Wakati ule nilimwita fundi."

Fundi huyo alikuwa Nahashon Thuku, kijana mpole kutoka bara aliyekuwa akitengeneza mashine za hoteli za pwani. Alifika Septemba mwaka jana, akaketi, akapitisha orodha machoni. Ghafla akapiga kofi.

"Mama, huyu Karisa Kitsao mmemwandika mara kumi na saba! Na huyu Kitsao Karisa mara tisa! Ndiyo maana mashine ni nzito."

Hindu naye alicheka. Yeye ni mtu wa Faza, hakukulia Ugiriamani, kwa wenyeji wa Marafa na Jilore. Alijua siku za msongamano karani huweza kumwandika mtu mara mbili. Ili kupunguza uzito, Thuku akafuta jina la tatu, la babu, kwa kila mtu, kisha akaandika amri ya kuwaondoa wote waliojirudia majina mawili, bila kutazama kijiji wala namba ya kadi. Mashine ikauliza kama wana hakika.

"Akaniambia, bonyeza wewe, mashine ni yako," anakumbuka Hindu. "Nikabonyeza. Watu 438 waliondoka kwa mara moja. Na furaha niliyokuwa nayo! Orodha iliyokuwa ikichukua saa sita ikatoka kwa dakika ishirini. Nilimpa Thuku chai na mahamri."

Oktoba, dereva wa kliniki, Lewa, alisimamisha Landrova mbele ya duka moja huko Marafa na kusoma orodha ya Marafa kwa sauti. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kwenye baraza, fimbo mkononi na nguo zake ndani ya kikapu, hakusikia jina lake. Akasimama, akasema ameandikwa, aliambiwa na nesi mwenyewe kwamba zamu yake ni Oktoba.

"Nilitafuta ukurasa hata ukurasa," anasema Lewa, mtu wa makamo mwenye maneno machache. "Karisa Kitsao yuko mmoja, wa Jilore. Nikamwambia, baba, jina lako halimo. Gari lilikuwa limejaa watu walioandikwa. Nikamwacha pale amesimama, anatazama upande ambao mimi sipo."

Aliporudi alikwenda moja kwa moja mpaka mezani kwa Hindu. "Dada, nimemwacha kipofu barabarani. Mmemweka wapi?"

Hindu akatafuta. Karisa Kitsao alikuwa mmoja. Akamweleza Lewa kwamba walikuwa kumi na saba lakini fundi amegundua ni mtu mmoja aliyejirudia. Lewa akamkodolea macho.

"Mtu mmoja? Dada, hao ni watu kumi na saba! Kwetu mtoto wa kwanza anapewa jina la babu yake. Kitsao anamzaa Karisa, Karisa anamzaa Kitsao, mpaka kiyama. Nyumba hii ina Karisa wake na ile ina Karisa wake."

"Lahaula!" Hindu alisema. Leo anasimulia: "Nilikwenda chooni nikalia. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, bwana. Nilitaka mashine ikimbie, nikawasukuma watu."

Kadi za karatasi zilikuwepo bado kabatini. Kwa miezi miwili aliwarudisha wote 438, mmoja mmoja, akipiga herufi saa ya chakula cha mchana. Lakini daktari alikuwa ameshaondoka, na Mzee Karisa alikuwa na miezi sita mingine ya kuongozwa kwa mkono. Mashine nayo, kwa kuwa watu wamerudi, ikarudia uzito wake. Mwezi Januari ilifanya kazi ya kupanga orodha kwa saa saba, kisha ikaandika kwamba nafasi haitoshi, ikanyamaza.

Hapo ndipo Hindu alipokifungua kile kitabu kinene. Alikisoma kwa kamusi, kurasa mbili kwa siku. Aligundua kwamba Thuku, kwa wema wake, alikuwa amemwekea saa ndogo ya kuonyesha majira pembeni mwa kioo na kalenda ya kuita kwa kitufe. Vitu hivyo vilikaa ndani ya ungo kutwa nzima, vitumike visitumike.

"Saa ninayo mkononi, kalenda ninayo ukutani, ya duka la simenti," anasema. "Nikavitoa."

Haikutosha. Akajiuliza: daktari anasoma maelezo yake lini? Siku ya kupasua tu. Basi ya nini kuyamimina unapopanga majina? Akayatoa, akayaweka kwenye faili lao peke yao, yafunguliwe kwa namba ya kadi. Mahali 110 kwa kila mgonjwa pakapatikana papo hapo. Mwandishi alikiri kwamba hata yeye hangefikiria hilo, na Hindu akamjibu kwamba hata yeye hakulifikiria kwa mwaka mzima.

Likabaki fumbo la majina: wenye jina moja na kijiji kimoja watatofautishwaje? Hindu alidhani dawa ni kuongeza jina la babu, lile ambalo Thuku alilifuta. Alipomwambia Lewa, dereva huyu wa maneno machache alicheka mpaka akaegemea mlango.

"Dada, kwetu ukimuuliza mtu jina la babu yake, umemuuliza jina lake! Karisa wa Kitsao wa nani? Wa Karisa. Umejua nini? Muulize mama yake. Mama anatoka ukoo mwingine, jina lake halizunguki."

Hindu akairudia hesabu yake. Herufi ishirini za babu, hata zikiwa tupu, zilikuwa zikila nafasi na hazimwambii kitu. Akaziondoa, akaweka kumi na tano za mama. Mgonjwa mmoja sasa anachukua mahali 125. Wote 2,300 wanachukua 287,500, na ungo unabaki na nafasi ya kupeperushia.

Lakini majina ya mama hayakuwa kwenye kadi. Waliofanana majina yote mawili walikuwa watu 611. Tangu Februari Lewa amekuwa akiuliza kila anapopita, kwenye zahanati, kwenye baraza za chifu, kwenye visima, akirudi na daftari lake limejaa. Wengine walimtilia shaka. Mzee mmoja wa Ganze alitaka kujua serikali inamtakia nini marehemu mama yake.

Sasa, Ijumaa hii, Hindu anaandika amri na kutazama saa ya mkononi. Mashine inakoroma kidogo, inanyamaza, inakoroma. Lewa ameingia na kusimama nyuma yake, ufunguo wa gari mkononi. Dakika ya kumi na moja printa inalia na karatasi inaanza kushuka.

Hindu anaipitishia kidole. Karisa Kitsao wa kwanza, mama Kadzo, Jilore. Wa pili, wa tatu. Kidole kinasimama kwenye wa tisa: Karisa Kitsao, mama Sidi, Marafa.

"Yumo!" anapaza sauti, na Lewa anatoka bila kuaga kwenda kujaza mafuta.

Jumamosi saa tisa alasiri Landrova inarudi. Mzee Karisa anashuka wa mwisho, amevaa kanzu iliyofuliwa vizuri. Hindu amemngoja kwenye ngazi tangu adhuhuri.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Wewe nani?"

"Naitwa Hindu. Mimi ndiye niliyefuta jina lako mwaka jana. Nimekuja kukuomba msamaha."

Mzee anageuza uso kufuata sauti. "Dereva aliniambia ni mashine."

"Mashine hufanya inaloambiwa. Aliyebonyeza ni mimi."

Mzee anafikiri. "Na leo mmenijuaje? Sisi akina Karisa tu wengi."

"Kwa mama yako, yule uliyemtajia dereva." Hindu anafungua karatasi na kusoma: "Karisa Kitsao, mama Sidi, Marafa."

"Sidi," anasema mzee taratibu. "Mama alikufa mimi sijaota ndevu. Ndugu zangu wote wameshakwenda. Hakuna mtu mwingine anayemtaja." Anageuza sikio kwenye karatasi. "Hebu soma tena."

Hindu anasoma tena, jina kwa jina. Mzee ananyoosha mkono, unapapasa hewani mpaka unampata begani. "Yamekwisha, mwanangu. Nipeleke ndani."

Alipasuliwa Jumanne. Alhamisi, bandeji imeondolewa na miwani mizito iko puani, aliomba kuonyeshwa hiyo mashine. Hajui kusoma. Hindu alimwonyesha herufi nne za kijani kwenye kioo, jina la mama yake, naye akazitazama kwa muda mrefu, akitabasamu, mpaka nesi alipomwita kwenye uji.

Msimamizi wa kliniki sasa ameahidi kuomba vipande vya kuongeza kumbukumbu kufikia 640, ambao ndio mwisho wa ungo kwa mashine hii. Hindu anashukuru, lakini akili yake iko kwingine. Katika wale 611, majina ya mama yaliyopatikana ni 402.

"Yamebaki mia mbili na tisa," anasema. "Kila Agosti mimi huenda Faza kumwona mama yangu. Mwaka huu nimempelekea salamu anisamehe, siendi. Naingia garini na Lewa, twende Bamba nyumba kwa nyumba. Kuna Kitsao Karisa watano wa kijiji kimoja, wote macho yamefunga, na daktari anarudi Oktoba."