Kiti cha Mjukuu Ndani ya Celica

Kama hujaliona gari la Ashiru Mchopa, basi hujapita Masasi mjini ukiwa umefumbua macho. Ni Celica nyekundu ya miaka ya tisini, milango miwili, imelala chini kiasi kwamba anayetaka kuingia sharti ainame kama anayetafuta sindano. Taa zake za mbele hufumba mchana na kufumbuka usiku, isipokuwa ya kushoto, ambayo hufumbuka ikijisikia. Ashiru ni fundi cherehani, mtu wa mkono mwepesi na tumbo zito, na gari hilo alilinunua mwaka ule korosho ilipopanda bei mpaka watu wazima wakafanya utoto. Wenzake waliezeka nyumba zao bati. Yeye alirudi na gari lisiloweza kubeba hata gunia moja la mihogo bila kuburuza tumbo.

Mkewe, Adija, hakumsema. Alifanya jambo baya zaidi: alicheka, na kila mgeni alipomuuliza nyumba ya fundi alimwelekeza, "Tafuta pale kuna gari na hakuna bati."

Basi mwaka huu binti yao Naima, ambaye ni muuguzi Newala, alirudi kwao kujifungua, maana mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama yake binti, na hilo halina mjadala. Akazaliwa mtoto wa kike, wakamwita Shamila. Siku ya kwanza Ashiru alimtazama kwa mbali, mikono nyuma, kama mtu anayekagua kitambaa. Siku ya pili akamwita mchumba. Kufika siku ya kumi alikuwa anafunga duka saa tisa alasiri, wateja wanasubiri suruali zao za harusi, yeye yuko nyumbani anamshonea mchumba wake kofia ya tisa. Adija akawa anamwita mtoto mke mwenzangu, na akimbeba husema, "Njoo huku, mke mwenzangu, yule mzee atakudanganya na hana kitu."

Lakini arobaini ikakaribia, na arobaini ikitimia mama na mtoto hurudi kwa mwenye mke. Mume wa Naima, Yassini, ni mwalimu, na nyumba yao iko Makote, huko juu Newala. Ashiru alikwishakata shauri moyoni: atawapeleka mwenyewe, kwa gari lake, ashikilie usukani, aingie Makote anapiga honi. Hakuna aliyemwomba. Ndipo baba yake Yassini, Mzee Abdulatifu, akapiga simu.

"Mwenzangu, usihangaike," alisema kwa sauti ya mtu mwenye nafasi. "Jumamosi nakuja na Noah yangu. Wataenea wote, hadi mizigo."

Ashiru alishukuru kwa adabu zote, kisha akakata simu na kuisahau chai mpaka ikapoa. Aliumia, tusifichane. Alijiona amesimama kando ya barabara anaipungia mkono Noah, na mchumba wake yumo ndani anakwenda.

"Nitawapeleka mimi," akasema.

Naima alikuwa ananyonyesha. Ni mwana mpole, lakini amefanya kazi wodi ya majeruhi miaka minne, na mambo aliyoyaona huko yamemwondolea mzaha kabisa linapokuja suala la barabara.

"Baba, Shamila hapakatwi kwenye gari. Si lako, si la baba mkwe. Yassini ametuma kiti cha mtoto, kimefika leo na basi. Kufika Ijumaa kikiwa kimekaa kwenye Celica bila kutikisika, tunakwenda na wewe. Kisipokaa, tunapanda Noah."

"Kiti tu?" Ashiru akacheka. "Mimi fundi!"

Akakichukua kile kiti, kikubwa kama beseni la kufulia, akajaribu kukipitisha mlangoni. Kilikataa kwa miguu. Kikakataa kwa kichwa. Mwisho akakiingiza kwa ubavu, huku yeye mwenyewe akiwa ndani nusu na nusu nje, na majirani wakitoa ushauri ambao haukuombwa. Alipotoka, jasho chapachapa, kiti kilikuwa kimekaa siti ya nyuma, kimetazama mbele, kizuri kabisa.

"Kinatakiwa kitazame nyuma," akasema Naima.

"Nyuma?" Adija akadakia. "Mtoto aingie kwa baba yake kinyumenyume? Watasema tumemfukuza!"

"Mama, shingo yake bado laini. Gari likifunga breki, kiti ndicho kimpokee mgongo. Kitazame nyuma. Na mkanda wake uko wapi?"

Hapo Ashiru akapata kikohozi.

Mikanda ya siti ya nyuma aliing'oa mwenyewe miaka mingi nyuma, ili apate pa kulaza majora ya vitambaa. Wa kushoto aliukata kwa mkasi wake akaushonea begi la shule la Naima huyuhuyu, na begi hilo lilidumu mpaka kidato cha nne. Wa kulia ulibaki mzima na kifungio chake, akautundika msumarini, na matanga ya mama yake yalipofika ukachukuliwa na Emmanuel.

Emmanuel ni Mngoni anayelima korosho Chiungutwa, na Ashiru ni Myao, kwa hiyo wao ni watani tangu mababu zao walipochoka kupigana. Mtani akija msibani ana ruhusa ya kuchukua kitu chako huku watu wanatazama, nawe hununi. Ukinuna umeshindwa. Wengine huchukua kuku. Emmanuel, ili amkere vizuri, alichukua mkanda wa gari.

Ashiru alijua kwenda kuuomba ni kujipeleka mwenyewe kwa mchinjaji. Kwa hiyo usiulize kwa nini kesho yake alikaa kwenye cherehani akashona mkanda mpya. Aliushona kwa jinzi, tabaka nne, uzi wa viatu, mistari miwili ya njano pembeni. Ulikuwa kazi safi. Akakifunga kiti nao kwa mafundo, akamwita binti yake.

Naima akakivuta kiti kwa mkono mmoja. Kikamfuata.

"Baba," akasema taratibu, "hii ni suruali."

Hakukuwa na njia nyingine. Alhamisi asubuhi Ashiru akawasha gari, akaenda Chiungutwa.

Alimkuta Emmanuel shambani anapulizia mikorosho salfa, amegeuka manjano kuanzia kofia hadi ndala. Mkanda ulikuwa sebuleni kwake, umetundikwa ukutani juu ya picha ya harusi, hauna hata vumbi. Wageni wote huambiwa kwamba ni nyara, ulitekwa kwa Wayao katika vita vya mwisho.

"Shikamoo naitaka kwanza," akasema Emmanuel, ambaye ni mdogo kwa Ashiru kwa miaka sita.

Ashiru akatazama kulia na kushoto. Watu walikuwa wameshaanza kukusanyika.

"Shikamoo," akasema kwa tabu.

"Marahaba, Myao. Una shida gani?"

"Mkanda wangu. Nataka kumfungia mjukuu."

"Nyara hairudi bure. Nikae siti ya nyuma, mimi mkubwa, nawe uniendeshe kijiji kizima kwa mwendo wa miguu. Kila tukifika kwenye watu, upige honi na useme, Wayao tumekuja kuomba radhi."

Na aliyasema, jamani. Mtu mzima, fundi anayeheshimika, aliendesha Celica kwa mwendo wa konokono kutoka kisimani hadi ghalani, nyuma yake amekaa Mngoni wa manjano amekunja magoti hadi masikioni, anapunga mkono. Aliomba radhi mara kumi na moja. Wanawake wa Chiungutwa walipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Waliporudi, Emmanuel akautungua mkanda, akaupangusa kwa shati lake, akamkabidhi kwa mikono miwili, na ule utani ukamtoka usoni.

"Mwambie mtoto mtani wake anamsalimu," akasema. "Na uendeshe polepole, kaka."

Ijumaa, nyumbani, mkanda ukakazwa nati. Mkanda wa kulia hauingii kushoto, umeumbwa hivyo, kwa hiyo kiti kilifungwa nyuma ya dereva, kimetazama nyuma kama muuguzi alivyoagiza. Naima akakishika kwa mikono miwili, akakivuta, akakisukuma, akaweka na goti. Gari zima likatikisika, kiti hakikutikisika. Akamtazama baba yake akatabasamu.

"Haya, Baba. Mpigie simu Mzee Abdulatifu, mwambie asije."

Ashiru alipiga simu hiyo akiwa amesimama, ili raha impate vizuri.

Jumamosi mizigo ilitangulia kwa basi. Shamila akafungwa kitini, kofia namba tisa kichwani. Ashiru, kanzu imenyooka, akafungua mlango wa dereva, akainama kuingia, na akagundua jambo ambalo katika watu wote waliokishangilia kile kiti hakuna hata mmoja aliyelifikiria. Ili kiti cha mtoto kipate nafasi, siti ya dereva ilikuwa imesogezwa mbele mpaka mwisho. Aliingiza mguu. Akaingiza mguu wa pili. Akalisukumiza tumbo, likakaa juu ya usukani, na honi ikalia. Alipotoa pumzi ikanyamaza. Alipovuta pumzi ikalia tena.

Adija alilazimika kukaa chini kwenye ngazi, amejishika mbavu.

"Baba Naima, acha kupumua hadi Makote!" akasema machozi yakimtoka.

Ashiru hakucheka. Alikaa pale amebanwa, anapumua kwa zamu, honi inalia na kunyamaza, na akajua kwamba gari lake limekubali mjukuu na limemkataa yeye. Mwishowe Naima akaja akasimama dirishani. Naima ni mfupi kama mama yake, ana leseni, na aliyemfundisha kuendesha, kwa makelele na bila shukrani, ni huyu huyu baba yake, kwenye gari hili hili.

"Baba, nipe ufunguo," akasema. "Kaa nyuma na mchumba wako."

Wakaenda hivyo, Naima kwenye usukani, Adija mbele, Ashiru nyuma amekunjwa kama nguo ya sanduku. Alikuwa amepanga kuitazama barabara, na mlima wa kupanda Newala aupande kwa gia yake mwenyewe. Hakuona mlima. Mtoto alimkamata kidole kabla hawajatoka mjini, akalala nacho, naye hakuthubutu hata kujikuna pua. Walipoingia Makote, Naima akapiga honi, ndugu wakatoka mbio kuwapokea wakitafuta dereva mwenye tumbo, wakamkuta yuko nyuma, anawaashiria kwa mkono mmoja wanyamaze.

Jioni, baada ya pilau, Yassini akaja na spana.

"Baba, nikitoe kiti ili upate kuendesha?"

Ashiru akalitazama gari. Akamtazama Naima, ambaye kila siku ya kazi atakuwa na kilomita za kwenda na kurudi, na mtoto mgongoni kwenye pikipiki.

"Usikiguse," akasema. "Kikitoka leo hakirudi tena. Gari liacheni hapa hapa." Akamwekea binti yake ufunguo mkononi, akamfunga vidole juu yake. "Taa ya kushoto ibembeleze, usiipige."

Naima akaufumbata ule ufunguo. Akamkumbatia baba yake shingoni, mbele ya wakwe zake wote.

Aliyewarudisha Masasi ni Mzee Abdulatifu, kwa Noah. Adija alikaa nyuma, akasinzia mara moja. Ashiru alikaa mbele, magoti ameyabana kama vile bado yumo ndani ya Celica, mikono mapajani.

"Nyoosha miguu, mwenzangu," akasema Mzee Abdulatifu. "Humu mna nafasi tele."

"Naiona," akajibu Ashiru. "Ndiyo inayoniuma."