Wiki Tatu za Kumpendeza Nyanya Yake

Madam aliniambia habari za Busan nikiwa nakata figili jikoni kwao Al Barsha, mikono imejaa chumvi na pilipili. Alisema kazi ya Sir, mume wake, hapo Dubai imekwisha. Kampuni yake ilikuwa imesimamisha ujenzi, na zile winchi zilizokuwa zikizunguka mbele ya dirisha letu mchana na usiku zilikuwa hazijasogea kwa wiki kadhaa. Wangerudi kwao Korea. Kabla ya kuhama kabisa wangekwenda wiki tatu kwa mama yake madam, wakati wa sikukuu yao ya mavuno, na mimi niende nao.

"Mama yangu akikupenda, utabaki na sisi," alisema. "Nyumba ni yake. Neno la mwisho ni lake."

Nikamjibu, "Inshallah, madam." Mimi ni Mkristo, lakini Dubai sote tulilitumia neno hilo kwa mambo tusiyoyaamini.

Sikuamini, na nataka ieleweke hivyo, isije ikaonekana nilidanganywa kama mtoto. Lakini mtu anaweza kutoamini jambo na bado akalifanyia kazi kama punda. Mtoto wao nilimpokea akiwa na miezi miwili. Sasa alikaribia miaka mitatu. Jioni aliongea Kikorea na wazazi wake, mchana kutwa alikuwa na mimi, anaongea Kiswahili cha Bungoma, anaita mkate "mukate" kama watu wa kwetu. Mimi sikujaliwa kuzaa. Niliolewa, nikangojewa, nikarudishwa kwa mama, na kwa mama ndugu zangu walikuwa wameshagawana kila kona ya boma. Yule mtoto ndiye mtu pekee duniani aliyefumbua macho asubuhi akaniita mimi kwanza. Visa ningeweza kupata nyingine kwa kafeel mwingine, mwajiri wa kunidhamini. Yeye nisingempata tena, na hilo ndilo lililonipeleka Busan.

Nilikuwa na rafiki, Mkenya mwenzangu, mwanamke aliyekuwa askari wa mlangoni kwenye lile duka kubwa karibu na kwetu. Ijumaa, ambayo kule ndiyo siku yetu ya kanisa, baada ya ibada tulikaa kwenye nyasi za bustani, yeye amevua viatu kwa sababu ya kusimama wiki nzima. Nikamweleza.

"Wewe, usijidanganye," akasema. "Hao wanataka tu mtu wa kubeba mtoto kwa ndege. Mkifika huko, khalas."

"Najua."

"Kama unajua, mbona umenunua koti?"

 Koti lenyewe lilikuwa la mtumba, la kijivu, nimelinunua kwa Mhindi mmoja Satwa, na kwenye joto lile la Dubai hata kulishika ilikuwa adhabu.

Mama yake madam alikaa ghorofa ya juu katika mji uliopanda vilima, na kutoka dirishani kwake uliona bahari na meli za makontena. Alikuwa mfupi, mgongo umeanza kupinda, nywele nyeupe zimetiwa mawimbi madogo madogo ya saluni. Tulipoingia hakututazama sisi. Alikuwa ameshika kitambaa kinene kilichotiwa pamba ndani, chenye kamba ndefu za kufungia kifuani, na mara moja nilijua ni cha nini, maana hata sisi tunabebea watoto mgongoni, ila kwa leso. Sikujua kuwa kuna watu wengine duniani wanaofanya hivyo. Nikaona moyo wangu umepata jirani.

Mwanamke yule alichuchumaa, akampa mtoto mgongo, akaita. Mtoto akautazama ule mgongo asioujua. Akauzunguka, akaja akaparamia wangu. Watu wote sebuleni wakacheka, na nyanya yake akacheka pia, akakikunja kile kitambaa taratibu akakiweka kwenye kiti.

Kwetu, kijana akikutana na mzee amebeba kuni, hamuulizi kama amechoka. Anamtua. Ukimpita mzee na mzigo wake, habari itafika kwa mama yako kabla yako, na utachapwa bila kuulizwa swali. Kwa hiyo kazi ya kumpendeza yule mama niliijua, hata lugha haikuhitajika. Alipoinua kikapu, nilikuwa nimeshakishika. Alipotaka kuosha vikombe, vilikuwa vimekauka. Na kila alipombeba mtoto, nilikwenda nyuma yake, nikamfungua zile kamba polepole, nikampokea.

Alitupeleka soko la samaki siku ya pili. Akina mama wa buti za mpira na aproni nyekundu wameketi nyuma ya mabeseni, kila beseni lina kitu kinachojinyonganyonga, na mimi mtu wa bara niliyezoea omena zilizokaushwa sikujua hata nianze kuogopa kipi. Tukapanda juu kula. Wakaleta pweza mdogo aliyekatwa vipande, na vipande vyenyewe bado vinatembea sahanini. Nyanya akachovya kimoja kwenye mafuta ya ufuta, akaninyooshea kwa vijiti vyake, akinitazama kwa jicho la mnunuzi wa ng'ombe. Nikala. Kilinishika ulimi, nikakitafuna kwa hasira mpaka kikakata tamaa. Akaitikia kwa kichwa akasema kitu, na madam akanitafsiria, "Anasema unakula kama mtu wa hapa."

Hiyo ndiyo sifa pekee niliyopata Busan, na niliishikilia siku nyingi. Nikala supu yao ya nguruwe iliyomiminiwa wali, hiyo nikaipenda kweli. Nikala keki za samaki kwenye vijiti barabarani, mvuke unanipanda puani, na mandazi yao bapa yenye sukari na mbegu ndani yaliyoniunguza kidevu. Nilikula kila kitu. Mwenye haja ndiye mtumwa, na mimi nilikuwa na haja.

Makumbusho ya mji yalikuwa na vyungu, mapanga, na mawe ya watu wa kale, na mtoto alichoka kabla hatujamaliza chumba cha kwanza. Kwenye chumba cha maisha ya zamani palikuwa na nyumba ya nyasi ndani ya kioo, na mwanamke wa sanamu anayetwanga, mtoto wa sanamu mgongoni, amefungwa kwa kitambaa kama kile cha nyumbani. Nyanya alisimama pale muda mrefu. Halafu akatoa chake mkobani, akamwita mjukuu wake, na safari hii mtoto akakubali kwa sababu ya usingizi. Akamfunga. Akatembea naye mbele ya vile vioo kwa madaha, akimwonyesha vitu ambavyo mtoto hakuviona, maana alikuwa ameshalala. Tukafika kwenye ngazi. Nikaona jasho kwenye shingo ya yule mama na magoti yakitetemeka, nikasogea, nikafungua.

Akasema neno dogo. Nikamjibu kwa Kiswahili, "Pumzika, mama."

Nilijiona nimefanya vizuri. Nilipanda zile ngazi na mtoto wangu mgongoni nikiwaza kwamba huenda rafiki yangu wa Al Barsha hajui kila kitu.

Siku ya sikukuu tulikwenda kaburini kwa babu. Huko kwao familia nzima hupanda mlimani, kufyeka majani juu ya kaburi na kumwandalia marehemu chakula: peya kubwa, njugu za mlimani, keki za mchele, na pombe. Nyanya alikuwa amevaa vizuri kuliko siku zote. Chini ya mlima akachuchumaa, mtoto akapanda, akafunga kamba kwa nguvu, mafundo mawili. Mkwe wake, yaani Sir, alitaka kumsaidia, akamfukuza kwa mkono kama anayefukuza nzi. Tukaanza kupanda. Mimi nilikuwa nyuma yake kabisa na kikapu cha matunda. Nilikuwa namsikia anavyohema. Kila akihema ilinichoma, kwa sababu mama yangu mwenyewe alikuwa akihema vile, na mimi siko karibu nimpokee mzigo.

Karibu na kaburi njia ilisimama kama ukuta. Nikaweka kikapu chini, nikamshika bega. Akakataa. Akazishika zile kamba kwa mikono yote miwili. Sasa wazee wa kwetu wote hukataa mara ya kwanza. Ukimwacha kwa kuwa amekataa, wewe ndiye huna adabu. Kwa hiyo nikatabasamu, nikambembeleza, nikafungua fundo moja, nikafungua la pili. Mtoto mwenyewe akanirukia. Yule mama akaachia mikono, akabaki ananitazama, kisha akageuka akamaliza mlima.

Walipoinama kumsujudia babu, wengine waliinuka na yeye akabaki ameinama. Chakula kililiwa kimya. Niliwaza labda ndiyo adabu yao ya makaburini.

Jioni madam alinikuta jikoni nikiosha sahani za sadaka. Alifunga mlango, na nilipoona anafunga mlango nilijua.

"Mama amesema hapana," akasema.

"Nimemkosea nini, madam?"

Akavuta pumzi. Alisema baba yake alikufa mwaka aliozaliwa mtoto. Mama yake alimwahidi mgonjwa kitandani kwamba atampelekea mjukuu wake juu ya mgongo wake mwenyewe. Alingoja karibu miaka mitatu tufike kutoka Dubai. "Na leo alifika kaburini mgongo mtupu," madam akasema.

"Hakuna aliyeniambia."

"Hakuna aliyejua utafanya hivyo."

"Kwetu mzee habebi mzigo kijana akiwepo," nikasema. Sauti yangu ilikuwa juu, na sikujali. "Ningemwacha apande vile, ningekuwa mtu gani?"

"Nilimweleza. Nilimwambia ni heshima." Madam alikuwa ameanza kulia, jambo ambalo halikunisaidia kitu. "Alisema mtoto si mzigo. Alisema mtoto huyu tayari ana mama wawili, na hana hata nyanya mmoja. Ukiwa ndani ya nyumba, mtoto hatamwendea yeye kamwe."

Ningependa kusema kwamba yule mama alikuwa mkatili, na miaka mingi nilijaribu kumwona hivyo. Sikufaulu. Alikuwa na haki yake, na mimi nilikuwa na yangu, na mtoto alikuwa mmoja. Isitoshe baadaye watu wajuzi waliniambia kwamba hata angenikubali, kibali cha kufanya kazi za nyumbani kule huenda kisingetoka. Pengine nilikula pweza yule bure tangu mwanzo.

Siku ya kuondoka walipanga matembezi. Mimi na Sir tulikuwa turudi Dubai kufunga nyumba, madam na mtoto wabaki, na asubuhi hiyo madam na mama yake wangempeleka mtoto kuona samaki wakubwa katika nyumba ya vioo kule ufukweni. Hakuna aliyesema kwa nini iwe asubuhi ile. Mimi mwenyewe nilimvalisha soksi. Aliniuliza kama na mimi naenda kuona papa, nikamwambia naja nyuma. Mlango wa lifti ulikuwa unafunga, yeye ameshikwa mkono na nyanya yake, ananipungia kama anavyopungiwa mtu anayekwenda dukani. Nikarudi ndani nikatandika kitanda chake.

Dubai tulikaa siku za kutosha kuuza makochi na friji. Joto lilikuwa palepale. Rafiki yangu alikuja kunisaidia kufunga maboksi, na kwa heshima yake hakusema "nilikwambia". Aliniuliza tu kama nimeshapata kafeel mwingine, nikamwambia bado, na kila mtu wakati huo alikuwa akifukuza watu, hakuna aliyekuwa akiajiri. Sir aliniahidi kunitafutia watu wa ofisini kwao. Hao watu wa ofisini nao walikuwa wanafunga maboksi.

Kabla visa yangu haijafutwa, madam alipiga simu. Alisema mtoto halali. Nyanya anamfunga mgongoni kila jioni, anamtembeza chumba hadi chumba, naye anajinyoosha kama ubao na kulia mpaka anatapika, na ananiita. Nyanya mwenyewe amedhoofika, hali chakula. "Wewe ulikuwa unafanyaje?" akauliza.

 Nilikuwa nimekaa sakafuni maana viti tulishauza. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema nileteni nimlaze mwenyewe. Nilijua kwamba wakishindwa kabisa huenda wakaniita, na nilijua pia kwamba wakati huo mtoto anatapika.

Nikamweleza. Kwamba afungwe chini zaidi, karibu na kiuno, si mabegani. Kwamba mkono wake wa kulia uachwe nje, anapenda kushika sikio la anayembeba. Kwamba asitembezwe, mtu asimame mahali pamoja, ayumbe kidogo, ampigepige makalioni, na aimbe chochote ilimradi kwa sauti ya chini, ili mtoto asikie kifua kikitetemeka kupitia mgongoni. Madam alikuwa akimtafsiria mama yake, sentensi baada ya sentensi, na kwa mbali nilimsikia yule mama akirudia kila neno ili asisahau.

Baada ya siku chache Sir alinipa simu tena. Madam alitaka kunishukuru. Alisema sasa analala vizuri kabisa, mgongoni kwa nyanya yake, na haniulizii tena.