Mpishi wa Sabuni na Chupa ya Marehemu

Zamani sabuni iliiva pale mpishi aliposema imeiva. Siku hizi huiva pale karatasi inaposema, hata kama bado inababua mikono.

Mpishi ninayemzungumzia alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu. Kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina, hata mlinzi wa getini. Alikuwa Mpishi, basi. Miaka thelathini na moja alisimama juu ya jukwaa la mbao, ameshika mwiko mrefu kuliko yeye, akikoroga mafuta na magadi makali ndani ya tangi ambalo lingeweza kumeza ng'ombe watatu na pembe zao. Mimi nilikuwa karani wa stoo, mlango wa pili kutoka jikoni, nikimpimia magunia na kumsikiliza akiimba vibaya.

Namna alivyojua kwamba sabuni imeiva haikuwa siri, ila hakuna mwingine aliyeiweza. Alichota kidogo kwa ncha ya mwiko, akamwaga juu ya kigae, akasubiri ipoe, kisha akaigusa kwa ncha ya ulimi. Magadi yakiwa hayajaisha, ulimi hushtuka kama umeumwa na siafu. Yakiwa yameisha, husikii kitu. Yeye alisikia hata yaliyo katikati: alijua kama imebaki robo saa, au kama inataka ndoo moja zaidi ya maji ya chumvi. Kwa ajili ya ulimi huo hakuvuta sigara, hakugusa pilipili, na chai aliiacha mpaka ikapoa kabisa. Dada yangu alikuwa akilalamika mbele ya wageni, "Nimeolewa na mtu anayetunza ulimi kuliko mke."

"Wewe ukiungua utanipigia kelele peke yangu," alimjibu. "Ulimi huu ukiungua, utasikia kelele za mji mzima."

Mwanzilishi wa kiwanda alikuwa mtu wa kupanda jukwaani kila asubuhi. Alilamba pamoja na Mpishi, akatema, akasema, "Haya." Usimamizi wake wote ulikuwa huo, na miche yetu ya sabuni ilikuwa ikiulizwa kwa jina madukani. Alipofariki, mjane wake, ambaye sote tulimwita Mama, alikwenda kuishi na binti yake mji mwingine. Kiwanda akamwachia meneja mpya, kijana mwenye viatu vyepesi ambaye alifika jikoni mara moja tu, akatoka akikohoa.

Pamoja na kiwanda, Mama alimwachia Meneja ufunguo wa kabati la vioo lililokuwa ofisini. Ndani mlikuwa na wiski za marehemu. Chupa moja, ndefu, yenye mabaki ya nta shingoni, marehemu aliifungua siku tangi la kwanza lilipowashwa moto, na tangu hapo alikunywa humo kifuniko kimoja tu kila mwaka siku ile ile. Ilikuwa imefika nusu.

Meneja hakukawia kuifungua. Alianzisha kitu alichokiita kikao cha kuonja. Kila Ijumaa saa kumi jioni, kengele ya kutoka ikishalia, aliniita mimi na Mpishi ofisini.

"Mama ameniruhusu," alisema siku ya kwanza, akitumiminia. "Na humu ndani leo hakuna bosi wala mfanyakazi. Tunaonja, tunazungumza. Mazungumzo ya kawaida tu, jinsi ya kuboresha kazi."

"Kama hakuna bosi," Mpishi akauliza, "mbona kiti chenye magurudumu ni kimoja?"

Meneja akacheka sana, akaandika kitu katika kijitabu chekundu.

Alitufundisha kushika bilauri kwa vidole viwili, kunusa, kuzungusha mdomoni. "Mimi nasikia asali," alisema amefumba macho. "Asali, moshi, na mbao ya zamani. Mzee, wewe unasikia nini?"

"Nasikia jiko lililozimwa kwa maji," alisema Mpishi, akatema kwenye chungu cha ua kilichokuwa dirishani.

"Mzee! Unatema?"

"Ulimi una kazi Jumatatu, bosi."

Mimi sikutema. Niseme ukweli: nilimeza, nikaongezewa, nikameza tena.

"Haya, ungepewa umeneja siku moja," Meneja akamuuliza, "ungebadilisha nini?"

"Ningeziba bomba la nyuma. Linavuja tangu nilipooa, na sasa nina wajukuu."

Hilo hakuliandika. "Na sabuni? Hivi unajuaje kwamba imeiva?" Hapo kalamu ikakaa tayari.

Nawaomba msimwone shemeji yangu mjinga. Miaka thelathini na moja hakuna mtu mwenye ofisi aliyewahi kumkalisha na kumuuliza anachokijua. Alifunguka kama gunia lililokatwa kamba. Alieleza povu linavyoacha kuruka na kuanza kupumua, sauti ya tangi inavyozidi kuwa nzito, ute unavyoanguka kutoka kwenye mwiko kama shuka lililolowa. Tukirudi nyumbani nilimwambia, "Shemeji, usimwage mtama penye kuku wengi."

"Kuku yuko mmoja," akanijibu, "na mwenyewe hajui mtama ni nini."

Ijumaa ya nne alinishika mkono barabarani. "Ile tuliyokunywa leo si ile."

"Si chupa ile ile?"

"Chupa ni ile. Kilichomo ni kingine. Ya marehemu ameimaliza, akajaza ya dukani, ile ya chupa bapa. Tena ametia chai ipate rangi. Na bado amefumba macho akasikia asali!"

Tulicheka mpaka tukaegemea ukuta wa nyumba ya watu. Kisha nikamuuliza kama atamwambia Mama. "Mgeni hasemi chumvi ya mwenyeji," alisema. "Na kuweka akiba ya maneno hakujamuua mtu."

Mimi nami niliweka akiba yangu. Chupa bapa zilikuwa zikitupwa kwenye pipa la taka nyuma ya ofisi. Kila Jumatatu asubuhi nilipita pale nikaokota iliyokuwemo, nikaificha stoo nyuma ya magunia ya chumvi. Wakati huo sikujua nazitunzia nini.

Nilijua Jumatatu iliyofuata Ijumaa ya kumi na sita. Ubaoni palibandikwa karatasi: Utaratibu Mpya wa Kupika. Mistari kumi na miwili. Niliisoma mara mbili, nikaona maneno ya shemeji yangu yote yamekaa pale, yamenyolewa na kuvikwa tarakimu: dakika kadhaa, joto kadhaa, ndoo kadhaa. Kitu kimoja tu kilikosekana, na mstari wa mwisho ulisema kwa nini: ni marufuku mfanyakazi yeyote kuonja bidhaa, kwa sababu za usafi. Chini yake, Mpishi amehamishiwa chumba cha kugonga mhuri. Kugonga mhuri kwenye miche ni kazi anayopewa mtu wiki yake ya kwanza, aizoee harufu.

Wapishi wapya wawili walisimama jukwaani na saa ya ukutani. Kabla mwezi haujaisha, dada yangu alinionyesha viganja vyake. Ngozi ilikuwa ikibanduka kama ya kiazi kilichochemshwa. "Hii ndiyo sabuni yenu?" aliniuliza. "Mmezeeka nyote, au mmeshaacha kuona haya?"

Na Ijumaa bado tuliitwa. Meneja alimpigapiga Mpishi begani. "Mzee, hakuna kinyongo, eti? Mabadiliko ni ya wote."

"Hakuna, bosi," alisema Mpishi, akapokea bilauri, akaonja, akatema.

Njiani nilimfokea. "Bado unakwenda tu! Huna hata aibu?"

"Mvumilivu hula mbivu," akasema. Methali hiyo nimeisikia maisha yangu yote, lakini sijapata kuisikia ikisemwa na uso kama ule. "Mama anakuja mwezi huu kutia saini. Anataka kumkabidhi huyu bwana kiwanda chote, aamue kila kitu bila kumuuliza mtu. Atakuja tu, shemeji. Nataka kurudi kwenye tangi langu, lakini kwanza namtaka huyu bwana."

Mama alifika Ijumaa ya ishirini na moja, ameshikilia mkoba wake mapajani kwa mikono miwili. Meneja alimsomea jinsi wafanyakazi wanavyoshirikishwa, jinsi mazungumzo ya Ijumaa yalivyozaa utaratibu mpya. Alitutaja sisi kama ushahidi. Kalamu ilikuwa tayari juu ya karatasi. Kisha Mama akasema jambo ambalo Meneja hakulitarajia.

"Kabla sijatia saini, naomba tunywe ile ya mume wangu. Nilisema isiguswe, najua. Leo naigusa mwenyewe."

Nilimtazama Meneja. Sikio lake moja liliiva likawa jekundu. Chupa ilikuwa imefika nusu, kama alivyoiacha marehemu. Akamimina. Mama akanywa kidogo, machozi yakamlenga.

"Nimesikia habari za ulimi wako," alimwambia Mpishi. "Onja nawe. Mlikuwa mkilamba na mume wangu kule juu."

Mpishi alichovya ncha ya ulimi, kama kwenye kigae. Hakuzungusha. Akaweka bilauri mezani. "Nisamehe, Mama. Hii si ya marehemu. Hii ni ya dukani, ya chupa bapa, na rangi yake ni ya chai."

"Mzee amechanganyikiwa," Meneja akarukia. "Ana uchungu wa kuhamishwa. Nilitaka kukueleza..."

"Karani," Mama akasema bila kumwangalia.

Nilisimama. Nikaenda stoo. Niliporudi nilizipanga chupa bapa juu ya meza, moja moja, polepole, mbele ya karatasi ya saini, kumi na saba. Nilisikia raha ambayo sijaisikia tena mpaka leo, na sitajifanya kwamba naionea haya.

Mama alizihesabu kwa macho. "Weka ufunguo hapa," alimwambia Meneja. "Kisha uende zako."

Nilidhani mambo yameisha. Nilimwona Mpishi akinyoosha mgongo, tayari ameshaanza kutazama upande wa jikoni. Lakini Mama alimgeukia.

"Ulijua lini?"

"Ijumaa ya nne, Mama."

"Na Ijumaa tatu za kwanza mlikunywa nini?"

"Ya marehemu. Alituambia umeruhusu. Mimi sikuimeza, Mama, Mungu shahidi. Niliitema." Akaonyesha chungu cha ua, kama mtu anayejitetea.

Mama alikitazama chungu kile muda mrefu. Ua lilikuwa limekauka. "Afadhali ungeimeza," alisema. "Barua huijui? Simu huijui? Miezi minne unajua ninaibiwa cha mwisho nilichobakiwa nacho cha mume wangu, unanyamaza. Mpaka ulipoguswa wewe."

"Mama, nilikuwa nangoja..."

"Ulikuwa unangoja siku itakayokufaa. Imefika. Nenda nawe."

Nilifungua mdomo kumtetea. Alininyamazisha kwa kiganja. "Wewe baki. Wewe angalau ulikunywa. Walevi nimewazoea."

Nilibaki. Hilo ndilo dada yangu hajanisamehe. Walihama wiki ile ile kwenda kwa watu wa mumewe, hawakuja kuniaga, na barua zangu mbili zilirudi. Tangi liliachiwa wale wapishi wawili na ile karatasi, kwa sababu Mama hakuwa na mwingine wa kumweka, na hakutaka tena kusikia habari za ndimi za watu. Iko ubaoni mpaka leo, imevikwa plastiki. Wanaopika kwa kuifuata hawajui kwamba maneno yale yalitoka kinywani mwa mtu.

Mara ya mwisho niliyowaona Mpishi na Meneja ilikuwa jioni ile ile, getini, nami nimesimama mlangoni mwa stoo. Mlinzi alikuwa na agizo la Mama: wote wapekuliwe. Sisi wafanyakazi tulipekuliwa kila siku, tulishazoea kuinua mikono bila kukatiza mazungumzo. Meneja hakuwahi. Alisimama na boksi lake miguuni, mikono juu, mlinzi akimpapasa kiunoni, kwenye soksi, chini ya kola, bila haraka. Walioshika zamu ya jioni walisimama kutazama.

Mpishi alikuwa nyuma yake kwenye foleni, amekumbatia mwiko wake mrefu.

"Mzee," Meneja akasema, mikono bado iko juu, "na wewe umefukuzwa. Umefaidika nini sasa?"

"Nimekuona ukipekuliwa," alisema Mpishi.

Mlinzi akamwambia Meneja avue viatu. Mpishi akaegemea mwiko, akangoja zamu yake, na alikuwa akiimba.