Tiketi Zenye Mkunjo

Mdogo wangu alipewa jina la Mkasi na watu wa uwanjani, na jina hilo lilimganda kuliko lile alilopewa na baba yetu. Kazi yake ilikuwa kuchana tiketi kwenye geti la jukwaa la kawaida. Mkasi wenyewe hakuwa nao, alikuwa na ukucha. Tiketi ikimfika mkononi anaikunja katikati, anaipitishia ukucha wa gumba, halafu anaichana, inatoka imenyooka kama imekatwa na mashine. Wenzake walikuwa wanachana ovyo, karatasi zinabaki na mikia. Yeye hapana. Mama yetu alikuwa akikuta shuka lina makunyanzi analivuta lote chini ulitandike upya, kwa hiyo najua unadhifu ule ulitoka wapi. Kwetu hatukulelewa kufanya kazi ya hovyo.

Geti la pili alisimama shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye Mkasi mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi. Mashabiki walimwita Askofu kwa sababu hakupitisha mtu bure hata kwa machozi.

"Askofu, mimi si ndugu yako jamani?"

"Ndugu yangu ananunua tiketi. Rudi dirishani."

Sasa siku moja katibu wa klabu akamwita Mkasi kwenye kile chumba chao chini ya jukwaa. Akamwambia tiketi nyingine asizichane, azitie mfukoni, mtu atazipitia na kuzirudisha dirishani ziuzwe tena. Hivyo watu wawili wanaingia kwa tiketi moja, na kwenye hesabu za klabu anaonekana mmoja. Hela ya yule wa pili haijulikani ilizaliwa lini wala ilikwenda wapi. Uwanja unafurika mpaka watu wanakaa juu ya ukuta, halafu kesho yake katibu anatangaza kwa uso mkavu kwamba mapato yalikuwa haba, wachezaji wavumilie. Wale vijana walivumilia mpaka wakawa wanakopa nauli ya kwenda mazoezini. Mkasi naye alipewa chake, akatuambia nyumbani ni posho.

Akatokea mwandishi wa habari, binti mwembamba mwenye miwani. Huyu hakwenda kuuliza ofisini, maana ofisini angepewa soda na uongo. Alipanga foleni dirishani kama watu wengine, akapewa tiketi, akaona tiketi mpya ina mkunjo katikati. Mechi iliyofuata akanunua tena, mkunjo uleule. Gazeti likatoka na picha ya tiketi ukurasa wa mbele, na maneno makubwa: "Tiketi hii iliingia uwanjani kabla yangu."

Ndiyo, hata zile za kuficha mdogo wangu alizikunja kwanza. Mkono ulishazoea. Mwizi mwingine angezisokomeza tu mfukoni.

Gazeti halikutaja mchanaji. Katibu akaona atafute haraka wa kumtupia, akamchagua Askofu, kwa kuwa Askofu aliwahi kuwarudisha dirishani rafiki za katibu mwenyewe, na si mtu wa kujitetea. Alivuliwa koti la kazi palepale getini, mashabiki wakizomea. Mkasi alikuwa amesimama geti la jirani. Aliendelea kuchana tiketi.

Nilipofika nyumbani kwa Mkasi nilimkuta wifi yangu analia jikoni. "Wifi, kaka yangu hata peremende ya mtu hali! Leo watoto wake wanaitwa watoto wa mwizi!"

Gazeti lilikuwa mezani. Niliiangalia ile picha, nikamwita mdogo wangu uani.

"Mkunjo huu wa nani?"

"Dada, mikunjo iko mingi duniani."

"Mimi nimekuvalisha kaptula, usinifanye mgeni. Kila risiti ya maji unayoniletea imekunjwa hivi hivi."

Akatazama chini. "Kila mtu anakula, dada. Hata wewe zahanati, ukitaka kadi yako iwekwe juu, si unatoa ya soda?"

"Natoa, na inaniuma. Lakini hajafukuzwa mtu kazi kwa ajili ya soda yangu."

"Mke wangu akijua ataondoka."

"Basi kaa naye mkilia wote, yeye kwa machozi na wewe kwa kujifanya."

Niliondoka bila kuaga, nikamwachia mwenyewe.

Siku zile alikonda. Ule ukucha aliukata mpaka nyamani. Mtaa wa Askofu akaacha kuupita, akawa anazungukia nyuma ya shule, njia ndefu isiyo na maana. Usiku tu ndipo alithubutu kuwapelekea kina Askofu mchele na mafuta, anamwachia mke wa Askofu mlangoni na kukimbia kama anayedaiwa. Alidhani anapunguza mzigo.

Jumapili moja Askofu akaja mwenyewe, amevaa shati la kutokea. Mimi nilikuwepo. Akamshika Mkasi mkono kwa mikono yake miwili.

"Shemeji, watu wote wamenikimbia. Wewe peke yako ndiye umekumbuka kwamba nina watoto. Nimekuja kushukuru."

Mdogo wangu akajibu, "Si kitu, shemeji." Alipoondoka yule bwana, Mkasi alifunga mlango. Kisha akamwita mkewe chumbani, akamweleza. Wifi hakupiga kelele. Alitoka na begi.

Kesho yake Mkasi alikwenda kwa yule mwandishi.

"Unajua utafukuzwa?" binti akamuuliza.

"Nifukuzwe hata leo, ila andika kwanza kwamba Askofu hayumo. Mkunjo ni wangu. Weka na sura yangu."

Aliandika, na safari hii katibu alitajwa. Wakasema amekaa pembeni kupisha uchunguzi. Uchunguzi umepishwa mpaka leo, wenyewe haujapita. Askofu alirudishiwa koti lake. Mkasi akakaa nyumbani, na mtaani akawa anaitwa majina ambayo sitayaandika.

Lakini kwa Askofu alikuwa bado hajaenda. Nilimpeleka mimi, mtu mzima na mvi zake, kama ninayempeleka kuandikishwa shule. Askofu alikuwa kibarazani anashona kiatu.

"Dada, karibu." Mimi nikakaribishwa. Mwenzangu hakuangaliwa.

"Shemeji, nimekuja," Mkasi akasema.

"Nimeshakusoma gazetini."

"Nataka kukwambia mwenyewe."

"Sema."

Akasema yote. Askofu alishona mpaka uzi ukaisha.

"Koti halikuniuma sana," akasema. "Nilikuja kwako kwa miguu yangu, nikakushukuru. Na wewe ukapokea."

"Nilipokea."

"Ukasema si kitu."

"Nilisema."

Ndani nilimsikia wifi yangu, aliyekuwa amehamia kwa kaka yake, akisogeza kiti, hakutoka.

Askofu akaweka kiatu chini. "Chai utakunywa?"

"Kama ipo."

"Ipo. Lakini vikombe vichafu, na mimi sikuoshei."

Mkasi akainuka, akapita nyuma. Tukasikia maji. Aliosha vikombe, akaosha na sahani, akaosha sufuria ambazo hakuna aliyemwambia, na hakuna aliyemwambia basi inatosha.