Mwito wa Tatu

Kila jioni, giza likianza kuingia mtaa wa Section 58, Nabalayo huitika. "Niko, nakuja!" Hakuna aliyemwita. Watoto wa ploti humcheka na majirani wapya hudhani ni uzee. Uzee gani, jamani, na mama huyo anapanda ngazi na mtungi wa maji lita ishirini bila kusimama kuvuta pumzi?

Wacheni niwaambie. Nabalayo alikuwa mkunga, tena wa kuaminiwa. Nusu ya vijana wanaojipiga kifua mtaani leo walilia mara ya kwanza mikononi mwake. Kisha ukaja ule mwaka wa elfu mbili na nane, nchi ikawaka baada ya kura, na Nakuru ikawekewa kafyu. Ikifika saa moja jioni kila mtu yuko ndani, taa imezimwa, na huko nje unasikia viatu vya askari tu. Tena kulikuwa na uvumi kwamba wenye mapanga wanapita wakikuita kwa jina ili ufungue.

Mlango wa pili kutoka kwake aliishi Trizah, mimba ya miezi minane. Mumewe, Okeyo, alikuwa amekwama Naivasha kwenye shamba la maua, barabara zimefungwa. Nabalayo alimtuliza. Uchungu ukianza, alimwambia, wewe niite tu.

Uchungu ulianza kafyu ikiwa imeshaingia.

Sasa, kwao Bungoma Nabalayo alilelewa hivi: jina lako likiitwa gizani, usiitike hadi liitwe mara tatu, kwa sababu kisichokuwa mtu hakifikishi tatu. Jioni hiyo sauti ya chini iliita mlangoni, "Mama Celestine," maana Celestine ndiye kifungua mimba wake. Nabalayo akakaa kitandani akingoja. "Mama Celestine." Akahesabu mbili. Viatu vya askari vikapita, vikasimama kidogo, vikaendelea. Ya tatu haikuja. Baadaye kitu kililia pale nje, kwa sauti nyembamba, naye akajiambia ni paka. Mkunga wa miaka ishirini kazini! Eti paka!

Asubuhi kafyu ilipoisha, alifungua. Trizah alikuwa ameuegemea mlango, amekwisha kuwa baridi kama sakafu, na ndani ya sweta yake mtoto alikuwa hai.

Okeyo alifika baada ya siku nane. Alimshika Nabalayo mikono yote miwili, akamshukuru kwa kumwokoa mtoto. Alimshukuru! Na Nabalayo akanyamaza. Okeyo aliporudi kazini Naivasha, mtoto alibaki kwa Nabalayo, akaitwa Abby, akalelewa kama aliyetoka tumboni mwake. Hizo shukrani zimemkwama kooni miaka kumi na saba.

Abby amekuwa msichana mkubwa, na sauti yake ni ya mamake Trizah kabisa. Akibisha hodi jioni, Nabalayo husisimka mwili mzima.

Juzi walikuwa mezani wakichambua sukuma wiki, jua limezama, Abby akamuuliza ni nani anayemwitikia kila siku. Nabalayo angeweza kudanganya kama alivyozoea. Lakini alikuwa amechoka. Alisema yote, hadi ya paka, huku akijua kwamba msichana huyo anaweza kufunga nguo zake jioni iyo hiyo, aende kwa babake na asirudi tena.

Abby alichambua jani moja, kisha jingine.

"Kukhu," akasema, kwa sababu ndivyo nyanya anavyoitwa Bungoma, "ulijua ni yeye?"

"Nilijua. Nilijua ni yeye, nikaogopa."

Ndipo sauti ya chini ilipoita nje ya mlango.

"Mama Celestine."

Ilikuwa sauti ya Abby. Lakini Abby alikuwa ameketi mbele yake, mdomo umefumbwa, majani ya sukuma mkononi, macho yake yakiutazama mlango. Naye alikuwa ameisikia.

"Usifungue," Abby alinong'ona, akamshika mkono.

Nabalayo aliutoa mkono wake polepole.

"Hiyo ni ya tatu," akasema, akaenda kufungua.